Umeme wa vifaa vya ziada kwenye trekta: uchukue betri, swichi ya ufunguo, seti ya dukani au sanduku la fyuzi?

Massey Ferguson 240 na 375, Swaraj, Farmtrac, Ursus zilizounganishwa Kibaha: matrekta mengi yanayolima mashamba ya huku hutoka kiwandani na umeme wa kuwashia injini, taa za barabarani, honi, na taa moja ya nyuma ukibahatika. Mengine huongezwa na mwenye trekta. Msimu ukikaza na wateja wakipanga foleni, watu hulima usiku, na bila taa nzuri za nyuma huoni jembe la sahani linazama kiasi gani. Anayevuta tela la miwa Kilombero anataka taa ya kuzunguka juu ya kanopi, yaani paa la trekta. Mwenye mtambo wa kupulizia dawa ana pampu ya umeme. Anayekodisha ana kifaa cha GPS cha kumwonyesha trekta limelima wapi. Na dereva naye anataka redio na pahali pa kuchajia simu.

Vifaa hivyo kuvinunua si kazi. Kazi ni kujua umeme wake uuchukulie wapi. Njia zinazotumika ni nne, na nitasema mapema ninayoiunga mkono: trekta likishakuwa na vifaa zaidi ya viwili, sanduku la fyuzi linalolishwa na rilei (swichi ya sumaku ambayo umeme mdogo huiamuru ipitishe mkubwa) linaziacha nyingine mbali. Ila kuna matrekta ambayo kulifunga ni kutupa hela, na nitayataja.

Hesabu kwanza

Gawanya wati kwa volti 12. Taa moja ya halojeni ya wati 55 inakula amperi 4.5 hivi, kwa hiyo nne ni 18. Taa za LED zinakula kidogo kuliko hizo, lakini wati zinazoandikwa kwenye maboksi ya LED za bei rahisi hutiwa chumvi sana. Ziwashe pale dukani na upime kwa multimita, mita ya kupimia umeme. Pampu ya dawa ya volti 12 huenda amperi 5 mpaka 10 kulingana na ukubwa wake. Redio na chaja ya simu ni amperi moja hadi tatu. Kifaa cha GPS hakifiki hata 0.1.

Jumlisha vyote vinavyoweza kuwaka kwa pamoja, ongeza taa za mbele, kisha kasome kibao cha alteneta, mashine inayozungushwa na injini kuchaji betri. Massey 135 za zamani zenye dainamo ya Lucas C40 hutoa amperi 22 hivi, tena injini ikiwa kwenye mwendo wa kazi. Dainamo ya namna hiyo ukiipa taa nne za halojeni nyuma na mbili mbele, betri itakuwa inatoa zaidi ya inavyopokea usiku kucha, na asubuhi trekta litasukumwa. Hapo hakuna njia ya kuunga waya itakayokuokoa. Badili taa ziwe LED au badili dainamo iwe alteneta.

Swali la pili ni hili: kifaa kizimwe na nini? Redio, feni, pampu na chaja vinafaa vife pamoja na ufunguo. Taa za hatari na kifaa cha GPS vinatakiwa viishi hata ufunguo ukiwa mfukoni. Taa ya nyuma iko katikati: unaitaka wakati wa kazi, lakini unaitaka pia unapofunga haro (chombo cha kuvunja madongoa) gizani injini ikiwa imezimwa.

Kuna jambo ambalo watu wa magari madogo hulisahau wakija kwenye matrekta. Injini nyingi za dizeli za zamani hazizimwi na ufunguo. Zinazimwa kwa kuvuta kebo ya stopu. Dereva anavuta kebo, injini inanyamaza, anashuka kwenda kula, na ufunguo umebaki umewashwa. Kwa hiyo kauli ya "kitazimika na ufunguo" kwenye trekta la namna hiyo haina nguvu unayoidhania.

Njia ya kwanza: betri moja kwa moja

Waya kutoka kichwa cha chanya, fyuzi, swichi, kifaa, kisha hasi. Ni njia nyepesi kuliko zote, na kwa taa moja ya nyuma au kifaa cha GPS haina ubaya wowote. Umeme unafika bila kupitia mlolongo wa swichi na viungio vya dashibodi, taa inang'aa, na ukitaka kutafuta hitilafu unafuata waya mmoja tu.

Ubaya wake unaonekana vifaa vikiongezeka. Kila fundi anayekuja anaongeza pete yake kwenye kichwa cha betri, na baada ya msimu kuna nyaya sita zilizobanwa na nati moja isiyokaza tena, zenye unga wa kijani. Stata (mota ya kuwashia injini) ikikataa asubuhi, nusu ya tatizo liko hapo. Halafu hakuna kinachomzuia dereva kusahau. Taa mbili za halojeni zikisahaulika kwa muda wa saa nne tu zimekula nusu ya betri ya N70, ambayo ni ya amperi-saa 70 hivi.

Fyuzi iwe karibu na betri kadiri inavyowezekana, ndani ya shubiri moja. Wengi huiweka juu kwenye dashibodi kwa sababu ni rahisi kuifikia, na hapo haisaidii kitu: mita nzima ya waya kutoka betri mpaka kwenye fyuzi imebaki bila ulinzi, nayo ndiyo inayopita karibu na injini na kusuguana na chuma. Fyuzi inalinda waya. Kifaa kitajijua chenyewe.

Njia ya pili: kuiba umeme nyuma ya swichi ya ufunguo

Hii ndiyo njia wanayoipenda mafundi wenye haraka. Unatafuta kwa taa ya kupimia pini inayowaka ufunguo ukigeuzwa, unabana waya hapo, na dakika kumi zimetosha. Kifaa kinazimika na ufunguo, betri iko salama, mteja ameridhika.

Kwa redio au chaja sina neno. Kwa taa za kazi naikataa kabisa. Swichi ya ufunguo ilipewa kazi ya kulisha mita za dashibodi, taa ya chaji na amri ya stata. Vibati vya ndani ni vyembamba. Ukiipitishia amperi 18 kila usiku inapata joto taratibu, bila fyuzi kukatika, kwa sababu amperi hazijazidi; mguso ndio umekuwa dhaifu. Ng'oa swichi iliyokufa hivyo uitazame mgongoni: pini moja tu, ile iliyobeba taa, imegeuka rangi ya zambarau, plastiki kuizunguka imekuwa kahawia na imelainika, na ukiishika pini kwa koleo inacheza. Kinachokuja kufa si taa peke yake. Ni swichi nzima, na trekta haliwaki tena katikati ya shamba la mtu aliyeshalipa.

Kuna hatari nyingine iliyojificha zaidi. Kwenye matrekta mengi ya zamani, waya mkuu unaolisha dashibodi unatoka kwenye boliti ya stata bila fyuzi yoyote. Ukiongeza mzigo nyuma ya swichi umeuongeza pia kwenye waya huo, na ukipiga shoti hakuna cha kuukata mpaka uungue wenyewe.

Ukilazimika kutumia njia hii, weka fyuzi ya amperi 5 pale pale unapochukulia umeme na usiiongeze kamwe. Ikikatika, ujue umeanza kutaka makubwa na umefika wakati wa kuhamia njia ya nne.

Njia ya tatu: seti ya dukani

Gerezani Dar es Salaam na Kirinyaga Road Nairobi utakuta mfuko wenye rilei ya amperi 40, fyuzi, swichi na nyaya zilizokwisha kuunganishwa, tayari kwa taa mbili za LED. Ni nzuri kwa asiye fundi. Rilei imo, kwa hiyo swichi ndogo inabeba amri tu na mzigo unapita kwenye waya mnene kutoka betri.

Tatizo ni huo "unene." Chukua kisu ukwangue ncha ya waya kabla hujalipa. Shaba ni nyekundu mpaka ndani. Nyingi za hizi ni alumini iliyopakwa shaba, ukikwangua unaona weupe. Zinapitisha umeme vibaya zaidi, na zikikutana na unyevu wa mashamba ya mpunga hugeuka unga ndani ya ganda huku nje waya unaonekana mzima. Pia angalia fyuzi iliyokuja nayo. Mara nyingi ni ya kijani, amperi 30, juu ya waya usiostahili zaidi ya 15. Ibadili iwe ya bluu (15) au nyekundu (10) kulingana na taa zako.

Jambo jingine ni kwamba seti hizi nyingi huchukua umeme wa swichi kwenye betri hiyo hiyo, kwa hiyo taa zinawaka bila ufunguo. Kuzigeuza ni kazi ndogo: waya unaoingiza umeme kwenye swichi uhamishie kwenye umeme wa ufunguo. Rilei inakula amperi 0.2 hivi kwenye koili yake (waya uliozungushwa unaotengeneza sumaku), na mzigo huo swichi ya ufunguo hata hauusikii.

Seti moja ni sawa. Seti tatu kwenye trekta moja ni ile njia ya kwanza imerudi na rilei tatu zinazoning'inia.

Njia ya nne: rilei moja na sanduku la fyuzi

Hapa unajenga kituo kimoja cha umeme na kila kifaa kijacho kinaanzia hapo. Waya wa 6 (milimita za mraba) unatoka chanya ya betri, unapita kwenye fyuzi ya amperi 40 karibu na betri, unaingia kwenye pini namba 30 ya rilei. Pini 87 inalisha sanduku la fyuzi la njia sita au nane. Pini 86 inapata amri kutoka umeme wa ufunguo kupitia fyuzi ndogo ya amperi 3 au 5, na 85 inakwenda kwenye bodi, yaani chuma cha trekta kinachorudisha umeme kwenye hasi. Namba hizo zimechapwa chini ya rilei, huna haja ya kukisia. Kutoka kwenye sanduku kila kifaa kina fyuzi yake, swichi yake na waya wake.

Faida yake hujaiona mpaka kitu kikatike usiku. Pampu ikipiga shoti, fyuzi yake peke yake inakwenda. Taa zinaendelea, trekta linaendelea. Na pale kwenye betri kuna pete moja tu ya nyongeza.

Rilei iliyoandikwa 40 usiibebeshe 40 saa zote. Amperi 25 mpaka 30 za kudumu zinaitosha kwenye joto la huku. Mzigo ukizidi, gawa: taa nne za halojeni zipewe rilei yao wenyewe, vilivyobaki vitumie nyingine. Wapo wanaochukua solenoidi ya stata (rilei kubwa inayoiwasha stata) wakidhani ukubwa wake ndio nguvu. Ile ilitengenezwa kwa sekunde chache. Koili yake inakula amperi nyingi na itaungua ukiiacha imewaka usiku kucha.

Kwa trekta lenye kebo ya stopu, napendelea amri ya rilei isitoke kwenye ufunguo. Itoe kwenye pini ya taa ya chaji ya alteneta, ile iliyoandikwa D+, au IND kwenye alteneta za Lucas. Alteneta ikianza kuchaji rilei inavuta. Injini ikizimwa vyote vinakufa, hata dereva aache ufunguo umewashwa wiki nzima. Taa moja ya nyuma ya kufungia haro, taa za hatari na GPS zibaki kwenye upande mwingine wa fyuzi unaolishwa na betri bila kupitia rilei. Masanduku yenye pande mbili yapo. Ukikosa, sanduku dogo la njia mbili pembeni linatosha.

Kasoro zipo. Itakuchukua siku nzima kama unafanya vizuri, na fundi atadai hela ya siku nzima. Sanduku linataka pahali pakavu, nalo trekta lisilo na kebini halina pahali pakavu; chini ya dashibodi, pini za rilei zikitazama chini ili maji yasituame, ndipo pa afadhali. Usiliweke juu ya betri, mvuke wa asidi utazila pini. Na dereva wa kuosha trekta kwa mashine ya presha aambiwe.

| | Mzigo unaofaa | Inazimwa na ufunguo? | Kifaa kikipiga shoti |
|---|---|---|---|
| Betri moja kwa moja | Kifaa kimoja au viwili | Hapana | Kinakufa peke yake, kama fyuzi ipo karibu na betri |
| Swichi ya ufunguo | Chini ya amperi 5 | Ndiyo | Dashibodi nzima inaweza kufa |
| Seti ya dukani | Jozi moja ya taa | Ukibadili waya mmoja | Taa hizo tu |
| Rilei na sanduku | Vifaa vingi | Ndiyo, au na alteneta | Kinakufa peke yake |

Waya, maana hapa ndipo wengi wanapobania

Waya wa nyumba wa 1.5 au 2.5 wenye uzi mmoja mgumu usipande kwenye trekta. Mtikisiko unaukata ndani ya ganda, kwa kawaida pale unapoingia kwenye kichwa chake. Tafuta waya laini wa nyuzi nyingi.

Unene una maana kubwa kuliko watu wanavyodhani. Amperi 18 kwenye mita nne za waya wa 1.5 zinapoteza karibu volti 0.9 njiani, kwenda tu. Ukirudi kwa waya kama huo imekuwa 1.8. Halojeni inayopata volti 11 na kidogo inatoa mwanga wa njano, na mwenye trekta anakimbilia kununua balbu za wati 100, jambo linalozidisha tatizo. Waya wa 4 kwenye njia hiyo hiyo unapoteza 0.3 hivi. Pima mwenyewe: weka ncha moja ya multimita kwenye chanya ya betri na nyingine kwenye chanya ya taa, taa ikiwa inawaka. Namba unayoiona ndiyo volti zinazoliwa na waya, fyuzi na swichi kwa pamoja. Ikizidi 0.5, tafuta kiungio kinachopata joto kabla hujalaumu alteneta.

Hasi nayo ni nusu ya njia. Skrubu juu ya rangi ya kanopi si bodi. Kwangua rangi mpaka chuma king'ae, au bora urudishe waya wa hasi kutoka kwa taa hadi kwenye betri, kwa sababu kanopi nyingi zimekaa juu ya raba.

Na kabla hujagusa chochote kwenye matrekta ya kale ya Uingereza kama Ferguson TE20, tazama betri: mengine yalitoka kiwandani chanya ikiwa imefungwa kwenye bodi badala ya hasi. Balbu haijali. LED, redio na GPS zinaweza kufa papo hapo.

Nani achukue ipi

Mkulima mwenye Massey moja, anayelima ekari zake mchana na anataka chaja ya simu na taa moja ya dharura: taa aipeleke betri kwa fyuzi ya 10, chaja aichukulie nyuma ya swichi ya ufunguo kwa fyuzi ya 5, aishie hapo. Sanduku kwake ni mapambo.

Anayetaka jozi ya taa za LED na hana fundi wa kumwamini achukue seti, akague shaba, abadili fyuzi.

Anayekodisha, anayelima usiku, anayevuta tela au mwenye pampu ya dawa afunge sanduku sasa, hata kama leo ana vifaa viwili tu. Vya tatu na vya nne vinakuja, na kufumua nyaya za mafundi watatu tofauti ni ghali kuliko kuanza vizuri. Kazi ikiisha, zima kila kitu, toa ufunguo, fungua kichwa cha hasi na upitishe multimita katikati kwenye amperi. Kifaa cha GPS kitaonyesha makumi kadhaa ya miliamperi. Ukiona nusu amperi, kuna kitu hakijazimika. Chomoa fyuzi moja moja mpaka namba ishuke. Usijaribu kuwasha stata mita ikiwa imefungwa hivyo, itaungua.

Mwenye trekta jipya lenye kompyuta, John Deere au New Holland za kebini, hayuko kwenye hesabu hizi. Asitoboe waya wowote wa kiwandani. Mengi ya hayo yana plagi ya pini tatu ndani ya kebini: moja ya umeme mkubwa wa amperi 25, moja ya hasi, na ndogo ya amperi 5 inayofuata ufunguo. Hizo ndizo za kulisha pini 30, 85 na 86 za rilei yake. Rilei atakayofunga iwe yenye kinga ndani, dayodi (kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu) au rizista (kipande kinachopunguza umeme), ili koili isirushe umeme kwenye kompyuta inapoachia. Na ikiwa ni ya dayodi, chanya iende 86 na hasi 85, kwani ukizigeuza dayodi inapiga shoti siku ya kwanza.